KUTOA NI MOYO: HISTORIA YA UTOAJI UNAORITHISHWA, NA MFUKO WETU WA JAMII



Kamati ya kijitabu ilitugawia kazi. Katibu ameandika jinsi kikundi kilivyoanza, mweka hazina ameandika hesabu, na sisi wa kiti cha mwenyekiti tumepewa kazi ya kuandika juu ya utoaji. Elimu yetu ni ya shule ya msingi, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Tumesikiliza wazee, tumesoma tulichoweza, na vijana wetu waliosoma wametusaidia kuhakikisha miaka na majina. Tukaona ni vizuri tuandike historia, maana historia haina upendeleo kwa mtu wa kikundi hiki wala kile.

SWALI LILILO MBELE YETU

Wote mnajua kuna jambo ambalo halijaamuliwa. Mwisho wa mzunguko huu tutafungua sanduku na kugawana hisa kama kawaida. Lakini safari hii limetolewa wazo kwamba na fedha za mfuko wa jamii zigawanywe, kila mama apate chake, halafu tuanze upya mikono mitupu. Wanaosema hivyo sio wabaya. Wanasema maisha ni magumu, karo zinasubiri, mbolea imepanda. Wengine wanasema mfuko ule ni kidogo, sasa kidogo kile kitamsaidia nani? Na mabinti zetu waliojiunga juzi wanauliza: "Mama, mbona tunachangia watu ambao hatuwajui?"

Ni maswali ya haki. Mkutano mkuu ndio utakaoamua, sio sisi. Lakini kabla ya kunyoosha mikono, ni vema tujue kwamba sio sisi wa kwanza kuulizana hivyo. Wapo watu wa nchi hii hii waliotoa mali zao, wapo ambao watoto wao waliendeleza, na wapo ambao mambo yaliishia kaburini. Tuwaangalie mmoja mmoja.

NYUMBANI KWETU USUKUMANI

Tuanze nyumbani, maana mcheza kwao hutunzwa. Zamani kabla ya wilaya, kabla ya Misungwi kutengwa na Kwimba mwaka 1995, na kabla ya mkoloni, nchi yetu ilikuwa ya watemi. Wazee wanasema jina ntemi linatokana na kutema, yaani kukata pori watu wapate pa kukaa. Nyumba ya ntemi iliitwa ikulu, na neno hilo leo linatumika nchi nzima kwa nyumba ya Rais. Pale ikulu palikuwa na maghala. Watu walimlimia ntemi, walimpelekea sehemu ya mavuno, na mwaka wa njaa ghala lilifunguliwa kwa wenye shida. Kwa hiyo ghala lile, pamoja na kuwa la mkubwa, lilikuwa pia akiba ya watu wote. Ntemi aliyekula peke yake aliharibu jina lake na la ukoo wake.

Utemi wa serikali ulifutwa mwaka 1963. Lakini utoaji haukufutwa, kwa sababu haukukaa ikulu peke yake. Ulikaa kwenye kila mji. Nani katika sisi hakukuta bibi yake anaanika michembe juu ya mwamba? Viazi vilikatwa vikakaushwa, vingine vikachemshwa kwanza vikawa matobolwa, vikawekwa kungojea kiangazi. Michembe ile ilihesabiwa kwa watu wa nyumbani na ziada kidogo. Ile ziada ndiyo tunayoizungumzia. Jirani akija jioni na kikapu kitupu, hakuulizwa maswali mengi. Mtoto ndiye aliyetumwa ghalani kuchota. Hapo ndipo penye siri: alitumwa mtoto. Bibi angeweza kuinuka mwenyewe, lakini alitaka mkono wa mtoto uzoee.

Vijana nao walikuwa na utaratibu wao chini ya basumba batale. Ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mpigo mmoja, shamba la mjane lilikwisha kabla jua halijawa kali. Mjane alipika alichokuwa nacho. Kama hakuwa na kitu, vijana walikunywa maji wakaenda zao. Na mwenye ng'ombe wengi aliwatoa baadhi yao kwa asiye nacho, awachunge, anywe maziwa, watoto wapate afya. Ng'ombe walibaki wa mwenyewe, lakini maziwa yalikuwa ya mchungaji. Kwa mtindo huo mtu alisaidiwa bila kudhalilishwa.

Sasa jambo la kuangalia ni hili. Utaratibu wote huo hakuna aliyeuandika, wala haukuwa na muhuri. Ulipita kwa watoto kuona na kutumwa. Ndiyo maana ulidumu. Na ndiyo maana pia unaweza kupotea katika kizazi kimoja tu, kama watoto hawataona na hawatatumwa.

SEWA HAJI NA MIZIGO YA BABU ZETU

Mtu wa pili tunayemleta kwenu anaitwa Sewa Haji Paroo. Wale ambao wamewahi kumpeleka mgonjwa Muhimbili, Dar es Salaam, wanalijua jina hilo, kwa sababu kuna wodi inaitwa Sewahaji. Wengi wanalitaja wakitafuta kitanda cha mgonjwa wao bila kujua lilikuwa jina la mtu.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851, Mhindi wa dhehebu la Ismailia, na biashara yake ilikuwa Bagamoyo. Alikuwa tajiri wa misafara. Mzungu au mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alikwenda kwake kupata vitambaa, shanga, na wapagazi. Na wapagazi hao walikuwa nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walibeba kilo 30 hivi kila mtu, begani au kichwani, miezi kwa miezi, kutoka pwani kupita Tabora hadi upande wetu huu wa ziwa, na kurudi na pembe za ndovu. Wapo waliokwenda na wake zao, na wapo waliokufa njiani wasizikwe na ndugu.

Tunalisema hili bila kinyongo, ila lisemwe. Utajiri wa Sewa Haji ulipita juu ya mabega ya watu wa kwetu. Lakini historia inasema pia kwamba alirudisha. Alitoa mali ijengwe hospitali Dar es Salaam, ambayo ilichukua jina lake, wakatibiwa humo Waafrika na Wahindi wakati hospitali za Wazungu zilikuwa za Wazungu. Bagamoyo alitoa jengo la shule kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Hiyo ilikuwa mwaka 1896, wakati wa Mjerumani! Alipofariki mwaka 1897 aliacha wasia kwamba mapato ya mali zake yasaidie hospitali na maskini, wakiwemo wagonjwa wa ukoma.

Hospitali ile ya zamani haipo tena. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili, na jina la Sewa Haji likahamia kwenye wodi. Ni zaidi ya miaka 120 tangu afe, na bado mgonjwa analala chini ya jina lake.

ALLIDINA VISRAM NA ZIWA LETU

Katika duka la Sewa Haji alifanya kazi kijana mwingine kutoka India, Allidina Visram. Bosi wake alipokufa, Allidina akaendeleza biashara ya misafara. Halafu akaona mbali. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901, yeye akaifuata na maduka. Kisumu, Jinja, Entebbe, Kampala, kote akafungua. Ziwa hili tunalochota maji na kuvua sato lilikuwa njia yake ya biashara.

Naye alikuwa mtoaji, alisaidia misikiti, shule na wagonjwa bila kuangalia dini moja tu. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akasema baba asisahauliwe, akatoa fedha ijengwe shule Mombasa, na mpaka leo Allidina Visram ni shule ya sekondari inayojulikana Kenya nzima. Abdulrasul naye hakukaa sana, alifariki mwaka 1923. Baada ya hapo ile himaya ya maduka ikaporomoka.

Tazameni basi ajabu hii. Maduka yale yalilindwa kwa kufuli na walinzi, na yamekwisha. Shule iliyotolewa bure bado ipo. Lakini tuseme na upande wa pili: mkono wa kutoa wa ukoo huo, kwa jinsi tunavyoona, haukwenda mbali kama jengo lilivyokwenda. Baba alitoa, mtoto akatoa, halafu mwenendo ukakatika pamoja na mali. Jengo linaweza kurithiwa bila moyo kurithiwa. Haya ni mambo mawili.

UKOO WA KARIMJEE

Sasa tufike kwa hao ambao mwenendo wao haukukatika. Ukoo wa Karimjee Jivanjee.

Jivanjee alitoka Mandvi, katika nchi ya Kutch huko India, akaja Unguja kwa jahazi. Hesabu ya biashara yao inaanzia mwaka 1825, kwa maana hiyo mwaka 2025 walitimiza miaka 200. Sisi tunasherehekea 10, na tumechoka kweli kweli, sembuse 200! Mwanawe Karimjee alizaliwa mwaka 1826 na kufariki mwaka 1898, na ndiye aliyeikuza biashara. Ni Mabohora. Walianza na biashara za Unguja kama karafuu, baadaye wakavuka kuja Tanganyika na kuwa na mashamba ya mkonge.

Majina yao yenyewe yanafundisha. Mmoja wa wakubwa wa ukoo huo aliitwa Yusufali Alibhai Karimjee Jivanjee. Ukilisoma kwa kwenda nyuma unapata Yusufali mwana wa Alibhai, mwana wa Karimjee, mwana wa Jivanjee. Kila mtu alitembea na babu zake mgongoni. Ukiwa na jina la namna hiyo, ukifanya ubahili umewaaibisha watu wanne kwa mpigo!

Walitoa nini? Unguja, katika miaka ya 1950, Sir Tayabali Karimjee alitoa fedha kwa ajili ya hospitali pale Mnazi Mmoja, ikaitwa Hospitali ya Karimjee Jivanjee. Tanga kulikuwa na shule ya sekondari ya Karimjee. Na Dar es Salaam familia iliupa mji ukumbi, uliojengwa mwaka 1955. Huo ndio Ukumbi wa Karimjee. Humo ndimo lilimokutana Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya Uhuru wa 1961 ndimo lilimokutana Bunge la nchi huru. Na Spika wa wakati huo, hadi mwaka 1962 alipopokelewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Abdulkarim Karimjee, mtoto wa Yusufali. Kwa hiyo mtoto alisimamia mazungumzo ya taifa katika nyumba iliyotolewa na wazee wake.

Na sisi watu wa ziwa tulikuwemo. Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wetu wa pamba mpaka ukaundwa ule Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria mwaka 1955, alikuwa mjumbe wa Baraza lile, na baadaye Waziri. Sauti ya mkulima wa pamba wa Misungwi ilisikika katika ukumbi wa zawadi.

Kisha ikaja mitihani. Mwaka 1964 yalitokea Mapinduzi Unguja. Mwaka 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutaifisha majumba. Hatuandiki hapa kubishana na Azimio. Wengi wetu tulisoma bure kwa sababu ya siasa ile. Tunasema tu kilichotokea. Mali nyingi za ukoo huo ziliondoka mikononi mwao. Na majina pia yakaondolewa. Hospitali ya Unguja ikapewa jina la V. I. Lenin, na siku hizi ni Mnazi Mmoja. Shule ya Tanga ikaitwa Usagara. Ndiyo, Usagara, jina lile lile la njia panda yetu hapa Misungwi, ingawa ni pengine kabisa.

Hapa kila mmoja wetu ajiulize. Umejenga hospitali, jina lako likafutwa. Umetoa shule, ikaitwa jina lingine. Wewe ungetoa tena? Wengi tungesema basi, wacha nile changu. Kuna mama kati yetu aliacha kumsalimia jirani kwa sababu alimpa chumvi na hakusema asante!

Lakini wao waliendelea. Waliobaki nchini walijenga biashara upya, na Watanzania wakawafahamu kwa magari ya Toyota. Na utoaji wakaufanyia utaratibu, ukakaa kwenye taasisi yenye jina la ukoo. Tangu mwaka 2012, katika mashindano ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania, ambapo wanafunzi wa sekondari kutoka mikoani wanaonyesha utafiti wao, taasisi hiyo imekuwa ikiwalipia washindi masomo ya chuo kikuu. Mtoto wa mkulima anayeshinda hana undugu nao wowote.

Na ukumbi bado unaitwa Karimjee. Watu maarufu huagwa pale. Mwaka 2019 aliagwa pale Mzee Reginald Mengi, ambaye naye tulizoea kumwona kila mwaka akila chakula pamoja na watu wenye ulemavu.

Jambo moja tulione sisi akina mama. Katika majina yote haya ya watoaji hamjasikia jina la mwanamke. Vitabu vimeandika wanaume, kwa sababu wao ndio waliotia sahihi. Lakini mtoto hafundishwi kutoa ofisini. Anafundishwa jikoni, uani, kwenye sahani. Nani aliyemwambia Abdulkarim akiwa mdogo kwamba mgeni hupewa kwanza? Haikuandikwa. Sisi tunajua nyumba zinavyokwenda, na jibu tunalo.

WAKFU: TUNDA LINALIWA, MTI HAUKATWI

Ndugu zetu Waislamu wana neno zuri tulilojifunza kwao: wakfu. Mtu anatoa nyumba au shamba la minazi kwa ajili ya Mungu. Tangu siku hiyo nyumba ile haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Kodi yake ndiyo inayotumika, kwa msikiti, kisima, yatima au ndugu maskini. Unguja kuna wakfu nyingi za namna hiyo, na kuna Kamisheni ya serikali inayozisimamia. Wakristo nao wana zaka na sadaka, na misheni yetu ya Bukumbi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, imetunza wagonjwa na wazee kwa sadaka za watu wa mbali ambao hawajawahi kuliona ziwa hili.

Wazo la wakfu ni rahisi: tunda linaliwa, mti haukatwi. Ukikata mti ili watu wapate kuni leo, mwakani hakuna tunda wala kivuli. Tunaomba wanachama walishike neno hili, tutalirudia huko mbele.

TUNAJIFUNZA NINI

Tukiwaweka hawa wote pamoja, ntemi na ghala lake, bibi na michembe, Sewa Haji, Allidina, Karimjee, tunaona mambo manne.

Kwanza, utoaji haukuanza na utajiri. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sewa Haji alitoa hospitali na bibi alitoa kikapu cha viazi vikavu, na aliyekula viazi vile hakufa mwaka ule.

Pili, mali ina mabega yaliyoibeba. Fedha ya mfuko wetu nayo ina mabega. Kuna mama anauza nyanya barabarani Usagara juani, kuna anayekaanga dagaa, kuna anayelima kwa jembe la mkono. Tukisaidia tukumbuke ni jasho la nani, tusitoe kwa majigambo.

Tatu, jina linaweza kufutwa lakini kazi inabaki. Wagonjwa wa Mnazi Mmoja wanatibiwa vile vile.

Nne, na hili ndilo kubwa, utoaji unarithishwa kwa vitu viwili vikiwa pamoja: mtoto aliyefundishwa, na kitu cha kudumu cha kutolea. Bila mtoto, unabaki na jengo tu. Bila kitu cha kudumu, unabaki na moyo mzuri lakini mfuko mtupu.

KIKUNDI CHETU NA MFUKO WA JAMII

Vikundi vya namna yetu havikushuka kutoka mbinguni. Mtindo huu wa sanduku, hisa na kukopeshana ulianza mwaka 1991 huko Niger, sehemu za Maradi, kwa akina mama maskini waliosaidiwa na shirika la CARE. Kutoka huko ukasambaa Afrika. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku kwa mtu wa nne. Utaratibu unatenga hisa na mfuko wa jamii. Hisa ni za mwenyewe, atazipata na faida yake. Mfuko wa jamii sio mkopo wala hisa, ni wa shida.

Kwa miaka 10 mfuko huo umefanya kazi ambayo wengine mmesahau, maana shida ikipita inasahaulika. Umenunua sanda. Umelipa nauli ya usiku ya mama mjamzito kwenda hospitali. Umenunua madaftari ya watoto waliofiwa. Umepeleka sabuni na sukari kwa wazee wa Bukumbi, na kofia pana na mafuta ya kukinga jua kwa watoto wenye ualbino wa shule ya Mitindo. Wakati wa kwenda kwa wazee, wengi wetu tulilia, sio kwa sababu ya umaskini wao, bali kwa sababu wengine walikuwa na watoto walio hai.

Na lipo jambo zito zaidi. Katika nchi yetu hii ya Usukuma, mama mzee mwenye macho mekundu ya moshi wa mapishi, ambaye hana mtu, ni rahisi kunyooshewa kidole kwamba ni mchawi. Tunajua yaliyowapata wengi. Mama wa namna hiyo akionekana kila wiki anatembelewa na wanawake kumi wakiwa na unga na maneno ya heshima, watu wanajua kwamba huyu ana wenyewe. Unga ule ni shilingi chache. Lakini unaweza kuwa ndio ukuta wa nyumba yake. Sasa tukiugawana mfuko, mmoja wetu atanunua kitenge, mwingine debe la mahindi, na ukuta ule utakuwa umeanguka. Tena ni akina mama hao hao tunaoelekea kuwa. Leo tunatoa, kesho tunaweza kuwa wapokeaji. Hakuna aliyesaini mkataba na Mungu kwamba hatazeeka.

Kwa mabinti zetu wanaouliza kwa nini tuchangie tusiowajua, tunawajibu hivi, wanangu. Mnapopita daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, mnavuka kwa dakika chache mahali ambapo mama zenu walisubiri kivuko kwa saa nyingi, wakiwa na wagonjwa. Aliyemwaga zege pale hakuwajua ninyi. Kodi zilizolipwa na mtu wa Mtwara zimo humo. Kila mmoja wetu anaishi kwa vitu vilivyotolewa na asiyemjua. Na sisi lazima tuwe "asiyejulikana" wa mtu mwingine.

MAPENDEKEZO YETU KWA MKUTANO MKUU

Tukishasema hayo, hatutaki kuwafunga midomo wenye mawazo tofauti. Wanachama wenye shida ya kweli wapo, na mfuko ni wao pia. Tunapendekeza yafuatayo, na mkutano uyapime.

1. Hisa na faida zigawanywe zote kama katiba inavyosema, bila kubakiza.

2. Mfuko wa jamii usigawanywe. Uwe kama mti wa wakfu. Lakini mwanachama mwenye shida kubwa ya karo au ugonjwa asaidiwe kutoka humo kwa utaratibu, mbele ya wote, sio kwa kunong'ona.

3. Kiasi fulani, ambacho mkutano utakipanga, kisiguswe kabisa ila kwa msiba au njaa. Kikipungua, kirudishwe kabla ya mzunguko kwisha.

4. Kila tunapokwenda kwa wazee au Mitindo, kila mama aende na mtoto wake mmoja au mjukuu, na mtoto ndiye akabidhi. Kama bibi zetu walivyotutuma ghalani.

5. Kitabu cha mfuko kisomwe kwa sauti kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka, ili mtu asitilie shaka mkono wa mwenzake.

Pendekezo la nne ndilo halina gharama, na ndilo tunaloliombea kura zaidi. Mengine tunaweza kuyabadilisha mwakani. Lakini mtoto akishakuwa mkubwa bila kutumwa, hatumrudishi tena utotoni.

   Tunawakumbuka wanachama wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Michango yao bado imo katika mfuko huu, nao hawawezi tena kupiga kura. Tuwapigie sisi.

Karibuni wote kwenye mkutano mkuu. Njooni na vitabu vyenu vya hisa, na njooni na watoto.

Umoja ni nguvu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji